Mwenye Saini ya Pili

"Hivi hiyo hundi wanayoisema redioni," Bi Kidawa aliuliza siku moja juu ya ua wa makuti, mwiko mkononi, "mtu anaipika, anaivaa, au anajifukiza?"

Bi Siwema hakumcheka. Katika nchi ya Subirini mtu hacheki swali la jirani, maana upumbavu wa leo huwa sheria ya kesho. Alimjibu kwamba hundi ni karatasi ya benki, na kwamba yeye na mumewe walikuwa na kitabu chake tangu zamani, kimelala sandukuni chini ya kanga za sikukuu.

"Basi kama ni karatasi, itawaka vizuri," alisema Bi Kidawa, akarudi kwenye chungu chake.

Asili ya mambo ilikuwa jino. Mtukufu Mlezi wa Taifa alikwenda ng'ambo kutengenezwa jino, na huko hotelini akamwona bwana mmoja mnene amemaliza kunywa chai. Yule bwana akatoa kijitabu mfukoni, akaandika, akatia saini, akachana, akamwachia mhudumu. Mhudumu akainama mpaka kifua kikagusa sinia. Mtukufu hakuuliza yule bwana ni nani, wala benki ana kiasi gani. Alichokiona ni kule kuinama. Akarudi nyumbani na jino jipya na kulihutubia taifa kwa muda wa saa nne, taifa likiwa limesimama juani.

"Wananchi!" alisema. "Tangu lini mtu mstaarabu akashikashika fedha kwa vidole? Noti zina jasho! Sarafu zina kutu! Kuanzia tarehe mosi, Subirini italipana kwa saini!"

Watu walipiga makofi sana, hasa wasiojua kuandika, kwa sababu wao ndio waliosimama mbele karibu na askari.

Tarehe mosi ikafika, na maendeleo yakaonekana wazi. Muuza nyanya alipokea hundi, akaambiwa hundi huiva baada ya siku saba. Nyanya ziliiva kwanza. Kinyozi alimnyoa mteja upande mmoja, akamwambia upande wa pili ni hundi ikishapita. Kwa wiki mbili wanaume wengi wa mjini walitembea wamegeuza shingo kuonyesha upande wenye heshima, na gazeti la serikali likaandika kwamba wananchi sasa wanatazama mbele kwa namna mpya. Maskini mmoja aliyekaa mlangoni pa msikiti alijaliwa kupata hundi kumi na nne Ijumaa moja, zote zimeandikwa "Mlipe Maskini wa Mungu," na zote zimepigwa mistari miwili kuonyesha kwamba asilipwe mwingine ila yeye. Benki wakamtaka alete kitambulisho kimoja kinachothibitisha kwamba ni maskini, na kingine kinachothibitisha kwamba ni wa Mungu.

Kisha likazuka balaa la "tu."

Kila hundi, baada ya kiasi kuandikwa kwa maneno, humalizia kwa neno "tu," ili mwizi asipate pa kuongezea. Siku ya kuzaliwa kwa Mtukufu, Waziri wa Saini alimwandikia zawadi kwa mkono wake mwenyewe: "Mlipe Mtukufu shilingi milioni kumi tu." Mtukufu aliisoma. Akaisoma tena.

"Tu?" akauliza.

Kufikia alasiri waziri alikuwa hana wizara, na kufikia magharibi hana nyumba. Sheria ikatoka kwamba hundi za kuwalipa wakubwa zisimalizie kwa "tu," bali kwa "na bado." Tangu siku hiyo wakubwa waliandikiwa milioni kumi na bado, nao wakaziongezea wenyewe, na hakuna aliyeweza kusema kwamba si halali, maana ilikuwa imeandikwa.

Haya yote Bi Siwema aliyasikia akiwa ukumbini anashona kofia, sindano ikiingia na kutoka. Alikuwa akisema "Mungu atustiri," anahesabu matundu ya kofia, na kuendelea. Hundi ilikuwa bado haijabisha mlangoni pake.

*

Ilibisha Jumamosi. Tarishi wa Halmashauri alimpa bahasha, akamwomba atie dole gumba kuonyesha ameipokea, kisha akaomba maji ya kunywa na kumwandikia hundi ya shukrani.

Bi Siwema alisoma hadi darasa la saba, na kusoma kwake kulikuwa kwa taratibu, kidole chini ya kila neno, ili neno lisimponyoke. Barua ilisema hivi:

"Kwa jamaa wa Mkazi Dadi Kombo, Kitalu namba 212, Makaburi ya Mchangani. Idara ya Wakazi wa Kudumu inawakumbusha, kwa heshima na taadhima, kwamba mkazi aliyetajwa hapo juu amelala katika ardhi ya Halmashauri kwa miaka mitatu bila kulipia malazi. Mnatakiwa kulipa shilingi elfu nane, kwa hundi, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Mkishindwa, mkazi atahamishwa, na nafasi yake itatumika kupanua Ghala la Taifa la Hundi Zilizorudi. Mkazi ana haki ya kukata rufaa, akija mwenyewe."

Alirudia kusoma maneno "aliyetajwa hapo juu." Dadi hakuwa hapo juu. Alikuwa hapo chini, futi sita, ubavu wa kulia, uso kibla, kama alivyolazwa na watu wa mtaa mzima.

Kuhusu hilo ghala, kila mtu alijua. Hundi zilizorudi, zile zilizokataliwa na benki, zilikuwa zimejaza skule tatu na uwanja wa mpira, na timu ya taifa ilikuwa inacheza ugenini siku zote.

Dadi Kombo alikuwa mpima nafaka sokoni kwa miaka thelathini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa tarakimu. Watu wakitaka kuapa jambo zito walisema, "Naapa kwa mizani ya Dadi," mpaka shehe akawakataza. Alifariki kati ya adhuhuri na alasiri, bila kumsumbua mtu. Kila Alhamisi mkewe alikwenda kumsomea Yasini na kumwagilia mrehani aliompandia kichwani. Bi Siwema hakuwa na haja kubwa hapa duniani. Haja yake ilikuwa moja: mumewe aachwe alale.

Na fedha hazikuwa shida. Katika Benki ya Uvumilivu walikuwa na laki mbili, za kofia zake na za mizani ya Dadi. Akaunti waliifungua pamoja, na Dadi mwenyewe ndiye aliyetaka hundi zake zitiwe saini mbili, yake na ya mkewe. "Mmoja akipatwa na tamaa," alisema, "mwingine awe macho." Karani wa siku ile aliwasifu sana.

*

Jumatatu saa mbili Bi Siwema alikuwa benki, chini ya ubao mkubwa ulioandikwa SUBIRA NDIYO HUDUMA YETU. Saa tatu na nusu alifika dirisha namba nne. Karani wa hapo, Bwana Fumu, alikuwa kijana mwenye adabu nzuri na tai ndefu iliyoingia droo kila alipoifunga.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuwalipa Halmashauri. Hundi nimeshaiandika."

Fumu aliitazama mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga. "Mwandiko mzuri. Saini ya kwanza hii hapa. Ya pili iko wapi?"

"Ya pili ni ya mume wangu."

"Na yeye yuko wapi?"

Bi Siwema akashusha sauti, kama inavyopasa. "Ametangulia, mwanangu."

Fumu akanyoosha shingo kuitazama foleni. "Ametangulia? Mbona hajafika? Amevaa nini?"

"Nyeupe," alisema Bi Siwema, bila kufikiri.

"Mlinzi! Mtafute mzee mwenye nguo nyeupe!"

Wazee wa kanzu nyeupe walikuwa sita. Wote walitolewa kwenye foleni wakaulizwa majina, na mmoja wao, aliyekuwa amesimama tangu Ijumaa, alikubali kuwa Dadi Kombo ili tu afike dirishani. Bi Siwema alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Hukunifahamu, baba," alimwambia karani. "Ametutoka."

"Amewatoroka?" Sauti ya Fumu ikajaa uchungu. "Wanaume hawa! Lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na hata salamu haleti?"

"Huja ndotoni."

"Basi nyumbani anapajua."

"Mwanangu, amelala. Amelala kule Mchangani."

"Saa hizi? Mtu mzima, saa nne asubuhi? Mwamsheni, Bi Mkubwa, mnamlea vibaya."

Foleni ikacheka. Bi Siwema akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Ametangulia mbele ya haki!"

Uso wa Fumu ukabadilika. Akaacha kutabasamu, akatafuta kalamu nyekundu.

"Aa! Ungesema hivyo tangu mwanzo. Yuko mahakamani." Akaandika, huku anasoma kwa sauti ya kazi: "Mteja, kwa kauli ya mkewe, yupo mbele ya haki." Akavuta muhuri mzito, akauhemea, akaubamiza juu ya faili: MTEJA ANA KESI. AKAUNTI IZUIWE HADI HUKUMU. "Nakala moja yetu, nakala moja inakwenda mahakamani leo hii. Sisi huku ni watu wa haraka."

Hapo Bi Siwema alifanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Anayekufa ni kuku, anakufa mbuzi, hata mti hufa. Kwa Dadi, yeye hakuwahi kulitumia neno hilo, si siku ya kwanza, si katika eda, si hata moyoni. Alilisema sasa, na lilimkaa ulimini kama shubiri.

"Mume wangu amekufa."

Fumu aliangusha kalamu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasogeza mdomo kwenye kitundu cha kioo.

"Bi Mkubwa, punguza sauti, una watu wanaokutegemea? Hukuisikia hotuba ya mwezi wa tatu? Mtukufu alitangaza kwamba vifo vimekwisha. Ndiyo maana kule Halmashauri kuna Idara ya Wakazi wa Kudumu. Tazama fomu mpya, hicho kisanduku hakimo kabisa. Kuna Yupo. Kuna Hayupo. Kuna Ametoka Kidogo." Akafikiri, kwa maana hakuwa mtu mbaya. "Naweza kukutilia Ametoka Kidogo. Lakini hiyo itabidi arudi kabla hatujafunga."

*

Jumanne alikwenda Halmashauri, Bi Kidawa akamsindikiza kwa ajili ya kumtia moyo na kuona meza za wakubwa. Afisa wa Wakazi wa Kudumu, Bwana Mbwera, aliwapokea vizuri. Kiunoni alikuwa na futi ya kukunja, ile ya mafundi seremala, na kila alipozungumza na mtu alimpima urefu kwa macho.

Bi Siwema alimweleza yote. Bwana Mbwera alisikiliza, akaandika, akachora hata kijiramani. Kisha akasema:

"Mama, mbona jambo lako ni jepesi? Wewe huna saini ya mumeo kwa sababu yuko chini. Si ndiyo?"

"Ndiyo, bwana."

"Na usipolipa, Ijumaa saa sita sisi tunamtoa. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi usilipe! Ijumaa tunamtoa, anatia saini, au hata dole gumba, wino tunao. Hundi inapita, ada imelipwa, tunamrudisha pale pale. Kumrudisha ni hundi nyingine, lakini hiyo nayo anaweza kuitia saini papo hapo kabla hajashuka. Idara inawafikiria sana wananchi."

Bi Siwema alimtafuta mtu ndani ya macho ya Bwana Mbwera, kama mtu anavyotafuta shilingi iliyoanguka kisimani.

"Bwana Afisa," alisema, "mtu wangu alioshwa, akaswaliwa, akazikwa. Hatoki kwa ajili ya elfu nane."

"Mama, wote husema hivyo."

Bi Siwema akafungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na noti nane za elfu moja moja, za kofia mbili alizouza kabla ya sheria. Akaziweka mezani.

Bwana Mbwera aliruka juu ya kiti kama mtu aliyeona nyoka. "Funika! Funga dirisha! Mama, unataka tufungwe wote?" Akashuka taratibu, akazikusanya kwa ncha za vidole kuonyesha zilivyomchukiza. "Hizi zinatakiwa Makumbusho ya Taifa, wajukuu waje kuona tulikotoka." Akazitia mfukoni.

"Makumbusho yenyewe yako wapi?" aliuliza Bi Kidawa.

"Yanahamahama," alisema Bwana Mbwera.

Njiani Bi Kidawa alitema mate mara tatu. "Somo, nisikilize. Wale wa benki wanasema mumeo yuko mahakamani. Twende huko huko mahakamani watuandikie kwamba hayuko. Kama hayuko, hana kesi. Kama hana kesi, akaunti inafunguka. Nimekosea?"

"Na saini ya pili?"

"Tukifika kwenye ule mto tutajua tunauvukaje. Kwanza tumtoe mahakamani."

Katika nchi ya Subirini hili lilikuwa wazo zuri, na ndiyo maana liliharibu kila kitu.

*

Karani wa mahakama hakuhitaji kutafuta. Jumatano asubuhi jina la Dadi Kombo lilikuwa tayari ubaoni, la kwanza kwenye orodha ya kesho yake. Nakala ya benki ilikuwa imefika. Kwa kuwa ilisema mtu huyo yupo mbele ya haki, na mahakama ilipotazama mbele yake haikumwona, kesi ilikuwa imefunguliwa: kuidharau haki.

"Lakini nimekuja kuomba barua kwamba hayupo hapa," alisema Bi Siwema.

"Na ndilo kosa lenyewe," alisema karani. "Kutokuwepo hapa. Unataka tuthibitishe? Hata sisi tuna ushahidi huo huo."

Alhamisi ilikuwa siku ya Yasini. Bi Siwema aliisoma nyumbani baada ya alfajiri, akavaa buibui lake jeusi na mtandio, akaenda mahakamani na Bi Kidawa. Hakimu Jabu alikuwa ameshakaa, mzee mwenye nywele nyeupe na miwani mbili, moja ya kusomea sheria na moja ya kusomea maagizo. Kizimba kilikuwa kitupu. Mbele, kwenye benchi la kwanza, alikaa Bwana Mbwera na futi yake, amekuja kuangalia maslahi ya Idara.

Tarishi alitoka nje akaita. "Dadi Komboo!" Kimya. "Dadi Komboo!" Kimya. Mara ya tatu mbuzi mmoja akaitikia barabarani, na karani akaandika kwamba sauti ilisikika lakini mwenyewe hakuingia.

Mwendesha mashtaka akasimama.

"Mheshimiwa, shauri hili linatia simanzi. Mshtakiwa, kwa kauli ya mkewe wa ndoa, ametangulia mbele ya haki. Haki ni hii hapa. Imekaa. Imevaa joho. Inahema. Na mbele yake, Mheshimiwa, ni hewa tupu! Mtu huyu, kwa maelezo ya karani wa benki, amewatoka jamaa zake, amelala hadi saa nne asubuhi, nyumbani haendi ila ndotoni, na leo ameitwa mara tatu mbele ya mbuzi na watu. Kama huku si kuidharau haki, basi haki yetu haina thamani zaidi ya hundi."

Watu wakakohoa, kwa sababu kucheka mahakamani kulikuwa na faini.

Bi Siwema aliinuka. Hakuna aliyemwita.

"Bwana Hakimu, nisamehe. Haki niliyoitaja mimi siyo hii."

Kalamu ya karani ilisimama. Hakimu Jabu akavua miwani ya sheria, akavaa ile ya maagizo, akageuza shingo taratibu kuitazama picha ya Mtukufu iliyokuwa ukutani nyuma yake.

"Kuna haki nyingine?" aliuliza.

"Hakuna, Mheshimiwa!" Bi Kidawa alimvuta mwenzake buibui akamkalisha kwa kishindo. "Ana homa huyu. Tangu juzi."

"Iandikwe kwamba shahidi ana homa," alisema Hakimu, na watu wote wakapumua.

Hukumu haikuchelewa. Dadi Kombo alipatikana na hatia ya kuidharau haki kwa miaka mitatu mfululizo. Adhabu yake, kifungo cha maisha.

"Hata hivyo," Hakimu aliendelea, "gereza limejaa: nusu ni watu ambao hundi zao zimerudi, na nusu nyingine ni watu walioandika 'tu.' Nafasi hakuna. Kwa hiyo mahakama inaamuru mfungwa atumikie kifungo chake papo hapo alipo, asisogezwe hata inchi moja, asitolewe usiku wala mchana, hadi mwisho wa maisha yake. Na mtu yeyote atakayemgusa, awe Halmashauri, awe nani, atakuwa amemtorosha mfungwa wa serikali."

Bwana Mbwera akasimama, futi ikamfunguka yenyewe. "Mheshimiwa! Na ada yangu?"

"Mfungwa gani uliyemwona analipia malazi?" alisema Hakimu. "Serikali ndiyo inayomlaza. Kaa chini."

Bi Kidawa alibana kinywa kwa viganja viwili kuzuia kigelegele. Alhamdulillahi, Bi Siwema alisema moyoni, Alhamdulillahi. Hatoki. Kesho saa sita itakuja na kupita, na jembe halitamgusa. Bi Kidawa akamfinya paja. "Umeona, shoga? Bure! Mpaka kiyama, bure!"

Ndipo karani akasoma kiambatisho. Kwa kuwa gereza lolote halikosi ubao wake, ubao wa bati utasimikwa kichwani pa mfungwa, herufi za urefu wa shibiri moja, zisomeke kutoka barabarani: HAPA AMEFUNGWA DADI KOMBO, MTU ALIYEIDHARAU HAKI.

Bi Siwema alirudia maneno hayo polepole, neno kwa neno, kidole kikitembea juu ya goti.

"Sheria inanitaka niulize," alisema Hakimu Jabu, na kwa mara ya kwanza alimtazama kwa macho yake, bila miwani yoyote. Sauti yake ilikuwa karibu na sauti ya mtu. "Mke wa mfungwa. Una pingamizi? Pima vizuri kabla hujasema. Ukitamka neno moja tu la kumtetea, nitaifuta hukumu, naye atakuwa mtu huru, asiye na doa. Na mtu huru ana ada yake, na ana Ijumaa yake. Ukinyamaza, hukumu imesimama."

Bwana Mbwera alianza kukunjua futi, pingili moja baada ya nyingine.

"Meza ulimi, somo," alinong'ona Bi Kidawa. "Kwa jina la Mungu, meza."

Bi Siwema alikuwa ameshasimama. Alikuwa akikumbuka mwaka wa njaa, mfanyabiashara mmoja alipokuja nyumbani kwao jioni na jiwe la mizani la kilo moja, jipya, linang'aa, lililotobolewa chini na kuzibwa kwa nta. Alisema litumike wiki moja tu, na kila siku gunia moja la mchele lingeingia mlangoni. Asubuhi yake Dadi alikwenda nalo sokoni, akaliweka juu ya meza watu wote walione, na akasema maneno matatu: "Hii si kilo." Mwezi ule walikula mapapai mabichi ya kuchemsha, chumvi kidogo. Yeye, Siwema, ndiye aliyenung'unika. Dadi alikula, akashukuru, akaenda kazini.

Soko zima lilikuwa ushahidi. Wengine walikuwa humu humu chumbani, wamekaa kwenye mabenchi ya nyuma, macho sakafuni. Neno moja lingetosha. Lilikuwa limeshafika kwenye meno yake, na Hakimu alikuwa akisubiri, kalamu juu, na karani akisubiri, na Bwana Mbwera pia, futi yake imenyooka hadi katikati ya njia.

Bi Siwema akafumba mdomo. Akavuta mtandio mpaka kwenye nyusi, akasogea hadi pale futi ilipokuwa imeziba njia, akasimama mpaka mwenyewe akaikunja. Kisha akapita katikati ya mabenchi, mgongo umenyooka, akaufungua mlango, akatoka.